Mtani Aliyeomba Radhi

Kwetu Mjimwema, Njombe, mtu hakuhesabiwa kuwa amezikwa vizuri mpaka Mtani awe amemtukana. Mchungaji angesoma maandiko, kwaya ingeimba, majirani wangechimba na kufukia. Lakini kama yule mwanamume mrefu wa Kingoni hakujitokeza mbele ya jeneza na kumwamuru marehemu aache uvivu, ainuke, viazi vinangoja kupaliliwa, wazee wetu wa Kibena walirudi majumbani wakinung'unika kwamba shughuli imebaki nusu.

Namwita Mtani kwa sababu katika miaka yote niliyomfahamu sikumwita vinginevyo, wala simkumbuki mtu wa rika langu aliyethubutu. Babu zake na babu zetu walipigana. Vita vilipokwisha, kilichobaki mikononi mwa pande zote mbili kilikuwa haki moja ya ajabu: kutukanana bila kukasirika. Haki hiyo ilifika kilele chake msibani. Mtani wa kweli alivaa nguo ya marehemu, akatembea mwendo wake, akasema kwa sauti yake yale ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyatamka. Ndugu walitoa chochote kidogo kuikomboa nguo, na mazishi yakaendelea. Aliyekasirika alionekana hana malezi, kama mgonjwa anayemshtaki daktari kwa kumchoma sindano.

Baba yangu alikuwa karani mstaafu, Mlutheri wa kupindukia katika mambo ya akiba. Wageni walipoingia nyumbani alizima redio, ili mazungumzo na betri visiliwe kwa wakati mmoja. Siku ya kumzika, kwaya ilikuwa katikati ya wimbo Mtani alipotokea nyuma ya migomba amevaa kofia ya baba, mikono mgongoni, shingo mbele. Alipita mbele yetu bila kututazama, akaenda moja kwa moja hadi kwenye spika ya kwaya, akaizima.

"Wageni mmefika," alisema kwa sauti ya baba, sauti yenyewe kabisa. "Sasa zungumzeni."

Mama alicheka hadi akashikiliwa. Mimi ndipo nilipoweza kulia. Tangu nipokee habari za msiba nilikuwa nimekauka kama gogo. Sijui chuo kikuu chochote kinachofundisha namna ya kumfanyia mtu jambo la aina hiyo.

Riziki yake ilikuwa Makambako, ambako alinadi makoti ya mitumba. Upepo wa Makambako ndio uliokuwa mshirika wake katika biashara, naye aliukiri. Alisimama juu ya marobota, akavaa koti, na papo hapo akawa mtu mwingine. Koti la sufu lenye mabega mapana lilimfanya ofisa: tumbo likatoka, simu isiyokuwapo ikaenda sikioni, "Niko kwenye kikao, niko kwenye kikao." Koti jembamba la mvua lilimfanya mhubiri wa stendi. Watu walinunua koti, lakini nadhani walidhani wananunua na yule mtu aliyekuwa ndani yake.

"Mngoni wewe, hilo koti limekwishakufa," nilimsikia mama mmoja akimwambia. "Mvue marehemu umlaze."

"Halikufa, mama. Limezimia. Limemwona mume wako anakuja kulivaa."

"Mume wangu ana makoti kuliko kabila lenu lote."

"Ndiyo, tuliyaacha tulipowafukuza. Tulikuwa tunakimbia haraka, joto likatushika. Leta hela, nikurudishie na la babu yako."

Mama yule alilipa akiwa anafuta machozi ya kicheko, akaondoka akimtukana hadi alipoishia machoni petu.

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa kusema lolote. Sijapata kumjua mtu aliyekuwa na mipaka mingi kiasi kile katika ulimi wake. Hakumwigiza mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kula ugali kwake. Alisema kumwigiza usiyemjua ni kumsingizia. Hakugusa kigugumizi, chongo wala mguu mfupi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Kilema ni kazi ya Mungu. Mimi naigiza kazi ya mtu mwenyewe." Mjane hakumsogelea mpaka mjane mwenyewe amtazame. Na kabla ya kuanza aliwaamuru watu waweke simu mifukoni. "Utani unaliwa ukiwa moto," alisema. "Ukiuweka akiba, unaoza."

Hata hivyo alikuwa na kinyume chake, kama sisi sote. Aliwadharau wachekeshaji wa mtandaoni, lakini nilimkuta mara nyingi nyumbani kwake ameinamia simu ya mkewe akiwatazama kwa uso uliokunjamana, kama mwalimu anayesahihisha. Aliwacheka wenye majivuno, ilhali viatu vyake vilipakwa dawa hata siku za matope. Hakuvumilia kusifiwa: ukimsifu, aliinuka kwenda kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nyumbani alikuwa mkimya. Mkewe, Mbena mwenzetu, alisema ameolewa na picha ya ukutani.

Na alikuwa na neno moja ambalo nililichukulia kuwa mapambo tu ya mazungumzo, mpaka lilipokuja kuwa kesi. Mtani, alisema, haombi radhi. Akiomba radhi amekiri kwamba yale yalikuwa matusi. Na kama yalikuwa matusi leo, basi yalikuwa matusi tangu babu zake. Radhi moja inafuta misiba yote.

Msanii alizaliwa mtaani kwetu, mtoto wa fundi seremala. Alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana, akaimba, akawa jina ambalo hata watoto wa Tandala huko Makete walilijua kabla ya kujua jina la mkuu wao wa wilaya. Baba yake alipofariki, alirudi na magari, na wapiga picha ndani ya magari. Pale kaburini alitupa udongo kama inavyompasa mtoto. Mpiga picha akamnong'oneza. Msanii akainama, akachukua udongo mwingine, akautupa tena, taratibu zaidi, uso ukiwa umeelekezwa kwenye mwanga.

Sote tuliona. Mchungaji aliona. Tulitazama chini.

Mtani alitoka amevaa aproni ya useremala ya marehemu. Alichota udongo, akautupa, akasimama, akageuka kulia na kushoto. "Nimetupa vizuri? Au turudie? Baba, usilale kwanza, taa haijakaa sawa." Kisha akauchukua wimbo ule uliompa Msanii jina, ule ambamo anamwahidi mama yake kwamba atarudi nyumbani na nuru, akauimba kwa sauti yake ileile nyembamba yenye kutetema mwishoni, ila nuru ikawa imegeuka kuwa taa za kamera, na mama anaambiwa asogee kidogo, anaziba.

Msanii mwenyewe alicheka. Lazima niliseme hili kwa uwazi, maana baadaye lilizikwa chini ya karatasi nyingi. Alicheka mpaka akamshika kaka yake bega, akalia, akaikomboa aproni ya baba yake, akamkumbatia Mtani. Kwa utaratibu wetu, jambo lilikuwa limekwisha pale.

Lakini wapiga picha walikuwa wageni, na mmoja wao hakuiweka simu mfukoni. Kipande kile kikatoka Mjimwema kikaenda kwa watu ambao babu zao hawakupigana na mtu yeyote miongoni mwetu. Kule nje hakikuwa utani tena. Kilikuwa mzee fulani anayemvua nguo mtu maarufu siku ya kumzika baba yake. Nchi ikacheka kicheko kingine, kile kisicho na ukombozi. Biashara iliyokuwa ikimtumia Msanii katika matangazo yake ikajitoa, na kampuni inayomsimamia ikafungua shauri: kashfa, kutumia wimbo bila idhini, na kuigiza sauti na sura ya mtu kwa namna ya kumshushia hadhi.

Nilisoma sheria chuo kikuu, ingawa maisha yalinipeleka kufundisha badala ya kutetea. Nilikaa na Mtani juma zima sebuleni kwangu, ukungu wa Juni ukiwa umeziba madirisha, nikitafuta mlango. Katika sheria ya hakimiliki niliona ruhusa ya kunukuu, ya kufundisha, ya kutoa habari. Kejeli sikuiona ikitajwa kwa jina lake. Nilimweleza kwamba katika nchi nyingine watu mashuhuri wamewahi kuwashtaki wanaowaigiza wakashindwa, na kwamba hoja iliyowaokoa waigizaji mara nyingi ilikuwa hii: hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeyachukulia maneno yale kuwa ya kweli.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo wanapona kwa kusema ni uongo."

"Kwa kusema ni mzaha."

"Mwalimu, yule kijana alirudia udongo au hakurudia?"

"Alirudia."

"Basi."

Wakili tuliyempata Njombe mjini, mtu wa Moshi, mchangamfu na mwenye haraka, alikutana na ukuta uleule.

"Mzee, mahakamani utasema ulikuwa unatania tu."

"Nilikuwa natania."

"Yaani hukumaanisha."

"Nilimaanisha."

Wakili akaweka kalamu chini. "Sasa ulikuwa unatania, au ulimaanisha?"

"Wakili, nyinyi na Wapare mnafanyaje?"

"Tunataniana, mzee. Vibaya sana."

"Mkimaliza mnawaambia hamkumaanisha?"

Wakili alicheka, akajizuia. "Hapana. Lakini hakimu hawezi kuandika hukumu kwa kicheko changu. Nitaleta wazee waeleze mila, na kampuni italeta mtu wa kueleza kwamba mila hiyo haikuvuka mpaka wa mtaa wenu, simu ikavuka. Nitashindwa hapo. Ukisema ulikuwa mzaha usio na maana, nina pa kushika."

Nimefikiri sana juu ya chumba kile tangu siku hiyo. Sheria humlinda mwenye kejeli kwa kumnyang'anya ukweli. Utani ulimlinda kwa kuwanyang'anya wengine hasira. Mtani aliambiwa achague ulinzi wa kwanza kwa kuusaliti wa pili. Akisema hakumaanisha, anapona kwa hakimu na anakufa kwetu. Akisema alimaanisha, anabaki mtani wetu na anapoteza kibanda cha Makambako na nyumba aliyomjengea mkewe. Nilijaribu kutafuta pembe ya tatu, kwa ukaidi wa mtu aliyelipiwa masomo na ukoo mzima ili atafute pembe kama hizo. Haikuwapo.

Siku ya usuluhishi tulikutana na Msanii kwenye ukumbi wa mahakama. Alikuwa peke yake kwa dakika chache, bila watu wake, akiwa amevaa sweta kama kijana yeyote wa kwetu. Alimwamkia Mtani kwa kuinama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda. Huko wanakulisha picha?"

Msanii akatabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Mzee, mimi sikukasirika. Unajua sikukasirika."

"Najua. Nilikuwapo."

"Nimewaambia waache. Wameniambia jina langu lina wenyewe. Mimi natembea nalo tu. Nikikutetea, nimevunja mkataba, wananigeukia mimi."

Mtani alimtazama muda mrefu, kwa ule utazamaji wake wa kuchukua vipimo, na nikaona midomo yake ikianza kujipinda kumwigiza, kisha ikanyooka. "Basi tumefungwa kamba moja," alisema. "Tofauti ni kwamba yako ina dhahabu."

Kampuni ilitaka jambo moja tu ili ifute shauri: radhi, mbele ya kamera, itakayotumwa kule kule kilikokwenda kile kipande. Mkewe Mtani alimwomba akubali. Wakili alimshauri akubali. Lakini aliyemshinda alikuwa mjane wa seremala, mama yake Msanii, aliyekuja kwa miguu na mkongojo wake, akakaa, akakataa chai.

"Kamwene, mtani wangu," alimsalimu kwa Kibena. "Ulimzika mume wangu vizuri. Sasa mwanangu hali, halali. Kila shauri likitajwa, wanamwambia ni kwa sababu ya kwao. Mimi sina mtu mwingine wa kumwomba."

"Unaniomba nini, mama? Kitaje."

"Nakuomba useme lile neno."

"Unajua ninachopoteza?"

"Najua," alisema yule mama. "Na mimi nitakufa, na wewe hutanizika. Najua."

Alilisema. Walimsimamisha nje, mbele ya ukuta mweupe, akiwa amevaa koti la kiasi ambalo halikumgeuza kuwa mtu yeyote. Alisoma kwamba anaomba radhi kwa maneno na maigizo yake ya udhalilishaji, kwamba hakukusudia, kwamba hatarudia. Kijana wa kamera akamwambia, bila nia mbaya yoyote, "Mzee, samahani, turudie, jua limekupiga usoni." Mtani akarudia. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilingoja angalau nyusi moja ipande. Haikupanda.

Hakuna mzee aliyemfukuza. Watu wa nje wangedhani kulikuwa na kikao, na tamko. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Misiba ilipotokea, watu walijikuta tu hawajui wamwite kama nani. Rafiki hualikwa kwa namna yake, jirani kwa namna yake. Mtani hakualikwa kamwe, alikuja kwa haki, na haki yenyewe alikuwa ameisoma mbele ya kamera kwamba ni udhalilishaji. Nilipita Makambako mara moja nikamkuta kazini. Makoti yalikuwa yametundikwa. "Koti," alisema. "Saizi kubwa. Zipu nzima." Mteja alimchokoza: "Mngoni, unauza au unasoma matangazo ya vifo?" Alimpa bei.

Nasi tuliobaki tulijifunza haraka. Nimejikuta katika chumba cha walimu nikimeza maneno ambayo zamani yangechekesha meza nzima, kwa kuwa kulikuwa na simu mezani imelala kifudifudi. Hakuna aliyenikataza. Najikataza mwenyewe, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa siku tulipomzika mama.

Alikuja. Sikumtarajia, na nilipomwona akiingia uani na viatu vyake vinavyong'aa, nilijikuta nimenyanyuka kitini. Sikuwa mimi peke yangu. Niliona ndugu wakigusana viwiko. Alinipa mkono, akasema pole, pole ya kawaida ambayo mtu yeyote angeisema, akaketi kwenye benchi la mwisho. Ibada ikaisha. Jeneza likaletwa ukingoni. Kukawa na ule ukimya ambao zamani ulikuwa wake, na watu wote, bila kupanga, wakageuza nyuso kumtazama. Alitazama mikono yake.

Ndipo shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke asiyemwogopa mtu tangu azaliwe, akainuka. Utani una njia mbili, na kama Mngoni amenyamaza, Mbena ana haki ya kumchokonoa. Alifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya jeneza, mabega wima, mikono ubavuni, macho yakisoma kitu kisichokuwapo hewani.

"Mimi Mngoni," akasema kwa ile sauti kavu ya kipande cha radhi, "naomba radhi. Nilimwambia marehemu aamke. Sikukusudia aamke. Naomba aendelee kulala." Akasita, akageuza uso kidogo. "Turudie? Jua limenipiga?"

Uwanja ukalipuka. Sijasikia kicheko kama kile tangu ilipozimwa spika siku ya kumzika baba. Wazee walipiga mapaja; mchungaji aligeukia ukuta wa migomba. Shangazi alikuwa amemfungulia mlango kwa bega lake mwenyewe: kilichobaki ni Mtani kujibu. Tusi lolote lingetosha. Angemwita mwizi wa mbuzi, angemwambia kanga hiyo ameivua maiti wa Kingoni, na kila kitu kingerudi mahali pake; tungemzika mama kama alivyotuzikia baba.

Aliinuka. Niliona midomo yake ikitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu.

"Samahani, dada," alisema. "Umepatia."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alibaki amesimama na mikono yake ubavuni, kisha akaifungua kanga kiunoni taratibu, akajifunika mabega, akarudi kukaa kama mtu aliyempiga mtoto wa watu bila kukusudia. Mchungaji akatoa ishara. Kamba zikalegezwa.

Wakati wa kutupa udongo, Mtani hakusimama pembeni kama zamani. Alijipanga nyuma ya wajukuu, katika mstari wetu sisi wafiwa, akasubiri zamu yake, akatupa udongo wake mara moja, kwa heshima, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Binamu yangu aliyetoka Mbeya, asiyewafahamu watu wa huku, alininong'oneza sikioni.

"Yule mzee naye ni ndugu yetu?"

Nilimtazama akipita kando ya tuta la udongo lililokuwa likipanda.

"Siku hizi, ndiyo," nilimjibu.